Fundi wa Lifti: shajara ya kuandika riwaya ya uhalifu

Januari, mwanzoni

Riwaya imepata maiti yake. Ni fundi wa lifti, mwanamume wa makamo, ameokotwa asubuhi chini kabisa ya shimo la lifti katika jengo la ghorofa 12. Kabla yake nilikuwa na watu tu: muuguzi wa zamu ya usiku, mkalimani wa mahakamani, mwenye jengo, mlinzi wa getini, kijana wa kusambaza vifurushi, na bibi mmoja anayeishi peke yake ghorofa ya tisa. Kila mmoja alikuwa na maisha yake na namna yake ya kusema, lakini hawakuwa na sababu ya kukaa ndani ya kitabu kimoja. Kuishi mji mmoja si sababu. Mamilioni ya watu wanaishi mji mmoja na hawajuani.

Fundi wa lifti huingia kila mahali: hospitalini, mahakamani, hotelini, kwenye majengo ya kupanga. Anapita mlango wa nyuma, anasimamisha lifti kwa nusu saa, watu wanamnung'unikia, anamaliza kazi na kwenda zake. Anajua nani hurudi usiku wa manane na nani hushuka kwa ngazi ili asikutane na jirani yake. Nusu ya mji imewahi kusimama bega kwa bega naye ndani ya chumba kidogo cha chuma, na polisi wakiuliza sura yake ilikuwaje, hakuna anayeweza kuieleza. Huyo ndiye anayewakusanya wote, na ndiyo maana afe yeye, asife mwingine.

Mji wenyewe nimeubuni na hautatajwa jina. Una mto katikati, una stesheni ya treni, na mahakama iko ng'ambo ya mto. Ramani nimeichora na kuibandika ukutani, na nimeamua kuitii. Kama muuguzi anatoka kazini saa moja asubuhi upande wa mashariki, hawezi kuonekana magharibi dakika kumi baadaye eti kwa sababu sura ya tano inamhitaji.

Januari, katikati

Siku hizi nashughulika na sadfa, kwa sababu hiyo ndiyo sumu ya riwaya za namna hii. Ukishakuwa na wahusika sita wanaosimuliwa kwa zamu, kishawishi ni kuwafanya wakutane ovyo: huyu anampiga kumbo yule barabarani, kumbe yule ni dada wa mshukiwa. Msomaji husamehe mara moja. Ya pili anaanza kumwona mwandishi nyuma ya pazia.

Mwaka 1929 padri Mwingereza Ronald Knox, ambaye naye alikuwa mwandishi wa riwaya za upelelezi, alitoa kanuni kumi za fani hii, na mojawapo inakataza mpelelezi kusaidiwa na bahati. Kanuni zake nyingine zimezeeka, hii bado ni imara. Mimi naitumia hivi: bahati ina ruhusa ya kuwatia watu matatani, lakini marufuku kuwatoa.

Mwaka huohuo wa 1929, Frigyes Karinthy wa Hungaria aliandika kisa kifupi chenye wazo kwamba mtu yeyote duniani anaweza kumfikia mwingine kupitia watu watano tu wanaofahamiana. Baadaye wanasayansi wakalichukua wazo hilo kwa uzito. Stanley Milgram alichapisha jaribio lake mwaka 1967: watu wa kawaida huko Nebraska na Kansas walipewa bahasha iliyotakiwa kumfikia mtu wasiyemjua aliyeko Massachusetts, na kila mmoja aliruhusiwa kuipeleka tu kwa mtu anayefahamiana naye. Bahasha zilizofika zilipitia mikono ya watu watano hivi. Watu hupenda kuinukuu sehemu hiyo na kuishia hapo. Mimi nimeganda kwenye sehemu ya pili: bahasha nyingi hazikufika kabisa. Mtu fulani aliipokea, akaiweka mezani, na safari ikaishia hapo.

Nadhani riwaya yangu inaishi humo. Tumeshazoea kustaajabia jinsi watu wa miji mikubwa walivyounganika. Mimi nataka kuandika juu ya ujumbe uliopita mkononi mwa mtu na mtu huyo hakuupeleka.

Nimechukua jambo jingine kutoka kwa wanasayansi wa namna hiyo. Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 kwamba habari za kazi mpya huja zaidi kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali kuliko marafiki wa ndani, kwa sababu rafiki wa ndani anajua yaleyale unayoyajua wewe. Na mwaka 1998 Duncan Watts na Steven Strogatz walionyesha kwamba nyuzi chache tu za masafa marefu zinatosha kuufanya mtandao mkubwa uwe mdogo, yaani yeyote amfikie mwingine kwa hatua chache. Kwangu hiyo ni nafuu kubwa ya kiufundi, kwani fundi ni uzi mmoja wa masafa marefu na anatosha. Kwa hiyo nimefuta habari ya kwamba muuguzi na mkalimani walisoma shule moja, na nimefuta pia undugu wa mlinzi na kijana wa vifurushi. Wahusika wangu hawajuani, na hadi ukurasa wa mwisho baadhi yao hawatajuana.

Februari

Mwezi mzima wa lifti. Nimesoma miongozo ya ukaguzi, nimezungumza na mafundi, na kila nilichojifunza kimebadilisha hadithi.

Kwanza, kamba haikatiki. Kwenye sinema kamba hukatika na watu huporomoka wakipiga mayowe, lakini lifti ya kisasa ina kamba za chuma kadhaa zenye nguvu kupita kiasi cha mzigo, na hata zikikatika zote kuna kifaa kinachopima mwendo. Mwendo ukizidi, kabari za chuma huzing'ang'ania reli za pembeni na chumba kinasimama. Wazo hilo la breki lina umri mkubwa: Elisha Otis alilionyesha hadharani New York katika miaka ya 1850, na mwaka 1857 lifti ya abiria ya kwake ilifungwa katika duka moja la Broadway. Kwa hiyo mwuaji anayekata kamba hayumo kwenye kitabu hiki.

Pili, kuna uzito wa kusawazisha. Kamba upande mmoja zimebeba chumba cha abiria, upande wa pili zimebeba rundo la vyuma, na rundo hilo kwa kawaida ni zito kama chumba kitupu pamoja na karibu nusu ya mzigo kinaoruhusiwa kubeba. Matokeo yake ni kinyume cha tunavyodhani. Chumba kikiwa kitupu na breki ya mota ikaachia, hakianguki. Kinapanda, kwa sababu rundo la vyuma ndilo zito. Mwenye jengo, katika sura ya tatu, anawaambia polisi kwamba usiku ule aliiona lifti tupu "ikiporomoka". Mpelelezi anaandika maneno hayo bila kuinua kichwa. Msomaji ataelewa baada ya kurasa mia moja kwa nini aliyaandika neno kwa neno.

Tatu, milango. Kila ghorofa ina mlango wake, na mlango huo umefungwa kwa kufuli ya ndani wakati wote ambapo chumba hakipo hapo. Kuufungua kutoka nje kunahitaji ufunguo maalumu, na tundu lake mara nyingi ni la pembetatu, juu juu mlangoni, mahali ambapo abiria haangalii. Ufunguo wa fundi haukukutwa mfukoni mwake. Kwa muda mrefu huo ulikuwa ushahidi wangu mkuu. Sasa ni wa pili.

Ushahidi mkuu nimeupata juu ya paa la chumba. Fundi anapokagua shimo husimama juu ya paa la chumba cha lifti. Huko kuna swichi ya ukaguzi: akiigeuza, lifti inaacha kusikiliza vitufe vya abiria na kwenda polepole kwa amri yake peke yake. Fundi aliyeumia juu ya paa akiwa kazini angekuwa ameacha swichi kwenye ukaguzi, na lifti isingemwitikia mtu yeyote. Lakini usiku ule lifti ilifanya kazi kama kawaida. Kwa hiyo kuna mkono ulioirudisha swichi.

Nilipofika hapo niliinuka mezani nikazunguka chumbani. Kama lifti ilifanya kazi, basi watu waliipanda. Muuguzi alishuka nayo akienda zamu. Mkalimani alipanda akitoka mahakamani. Kijana wa vifurushi alipanda akashuka. Wote walisimama chini ya mtu yule, kati yao na yeye bati tu. Ndiyo riwaya hiyo. Sihitaji kuwakutanisha barabarani tena.

Bibi amehama kutoka ghorofa ya tisa kwenda ya sita. Chumba na uzito wa kusawazisha hupishana katikati ya shimo, siku zote palepale, na katika jengo la ghorofa 12 pale ni karibu na ghorofa ya sita. Anayelala ukuta mmoja na shimo la lifti husikia mpishano huo kama pumzi nzito ukutani. Baada ya miaka mingi bibi anaweza kukwambia, bila kuamka, kama lifti imepita katikati ya jengo au imeishia chini.

Machi

Saa za maiti. Moyo ukisimama, damu hutuama upande ulio chini na ngozi ya hapo hugeuka rangi ya zambarau. Rangi hiyo huonekana ndani ya saa chache za mwanzo, na baada ya muda wa kama saa 8 hadi 12 hukaa palepale hata mwili ukigeuzwa. Fundi wangu amekutwa amelala kifudifudi, na zambarau iko mgongoni. Isitoshe, mifupa iliyovunjika kwa kuanguka haikuvuja damu wala kuvimba kama ya mtu aliye hai. Daktari hahitaji hotuba. Anamwambia mpelelezi: "Huyu alilala chali usiku kucha. Shimoni amefika asubuhi."

Nimeipanga ratiba hivi. Fundi anapigwa saa kumi na moja jioni. Anakufa saa mbili usiku. Saa kumi na moja alfajiri mtu mwingine anamkuta juu ya paa, anamtoa, anaipeleka lifti juu, anafungua mlango wa ghorofa ya tatu kwa ufunguo wa marehemu na kumsukuma, ili ionekane aliteleza kazini. Kati ya kufa na kuhamishwa kuna saa 9. Nimeuchagua muda huo makusudi: unatosha kwa zambarau kukaa, lakini hautoshi kumfanya daktari aape mahakamani bila wakili kumhoji.

Aliyemhamisha si aliyemuua, na hamjui aliyemuua. Aliogopa kwamba maiti ikikutwa pale juu, ukaguzi wa jengo zima utafuata, na ukaguzi ungefichua jambo lake jingine kabisa. Mtu wa tatu amefuta rekodi ya hitilafu kwenye mtambo wa lifti kwa sababu ameagizwa na mkubwa wake, na anaamini anaficha uzembe wa matengenezo, basi. Uhalifu huu haukufanywa mzima na mtu mmoja. Kila mmoja ameshika kipande na kujihakikishia kwamba kipande chake ni kidogo.

Na kuna yale masaa matatu, tangu saa kumi na moja hadi saa mbili. Fundi hakufa papo hapo. Alikuwa na bisibisi mkononi, akawa anagonga paa.

Hapo ndipo bahasha za Milgram zimerudi kwangu. Mkalimani, ambaye riziki yake ni kupeleka maneno ya mtu mmoja kwa mwingine bila kupunguza, alisikia chuma kikigongwa juu ya kichwa chake na akadhani ni mashine. Kijana wa vifurushi alikuwa na spika za masikioni. Muuguzi alisikia. Yeye sitamwandikia kisingizio. Alikuwa amechelewa zamu, akainua macho darini, milango ikafunguka, akatoka. Sura yake ndiyo ndefu kuliko zote na nimeiandika kwa kumpenda, kwa sababu kazini kwake, usiku uleule, aliwaitikia wagonjwa wote waliomwita.

Aprili, mwanzoni

Mpangilio. Charles Dickens alitoa Bleak House kwa sehemu za kila mwezi kuanzia Machi 1852 hadi Septemba 1853, na katika kazi hiyo inspekta wa polisi anatembea kati ya matajiri na mafukara wa London ambao hawakudhani wanahusiana. Nilichojifunza humo ni subira ya kuchelewesha: mhusika anaachwa kurasa nyingi, na anaporudi anakuwa amebeba jambo ambalo msomaji tayari analijua kutoka kwa mtu mwingine. Nimepanga sura zangu kwa msingi huo. Kila sura inamwacha msomaji akijua kitu kimoja zaidi ya anachokijua mhusika wa sura inayofuata.

Mpelelezi nimempunguzia nafasi. Ana sura fupi, na hakuna hata moja inayofunga kwa ugunduzi. Kazi yake ni kusikiliza watu wakieleza walivyokuwa na haraka. Kipande hiki kimebaki karibu kama kilivyotoka mara ya kwanza:

*Alibisha mara mbili. Mlango ukafunguka upana wa mnyororo.*

*"Shikamoo, bibi."*

*"Marahaba. Wewe ni wa tatu kuja kuniuliza habari za lifti."*

*"Wengine ni akina nani?"*

*"Mmoja kasema anatoka bima. Mwingine hakusema anatoka wapi. Alitaka kujua tu kama huku ndani huwa nasikia."*

*"Ukamjibuje?"*

*"Nikamwambia mimi mzee, masikio yamekwisha." Mnyororo ukadondoka. "Pita, mwanangu. Nasikia vizuri."*

Nimekataa kuongeza maelezo ya sura ya bibi, mavazi yake wala vyombo vyake. Aliyemtangulia mpelelezi mlangoni ni mtu wa hatari, na bibi amelijua hilo kabla ya polisi. Maneno yake yanatosha.

Aprili, mwishoni

Simu. Hakuna riwaya ya uhalifu leo inayoweza kujifanya simu hazipo. Kumbukumbu za kampuni ya simu zinaonyesha nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, na kupitia mnara upi. Hazionyeshi ghorofa. Mnara mmoja katikati ya mji unahudumia majengo mengi, na simu haishiki lazima mnara ulio karibu zaidi. Kwa hiyo kumbukumbu zinathibitisha kwamba washukiwa wote walikuwa "maeneo yale", jambo ambalo si kosa, kwani wanaishi pale. Ndani ya shimo, kati ya kuta za zege na chuma, mtandao ni hafifu. Fundi alijaribu kupiga. Haikutoka. Nimelisema kwa sentensi mbili na kuendelea.

Mei

Rasimu ya pili imefika mwisho. Badiliko kubwa ni kwamba marehemu amepewa sura yake. Katika rasimu ya kwanza alikuwa ushahidi: zambarau, ufunguo, bisibisi. Riwaya nyingi za aina hii humtendea hivyo aliyeuawa, na mimi naona ni ubakhili. Mtu aliyeunganisha maisha ya watu wote hawa hawezi kukaa kitabu kizima bila kusema neno.

Sura hiyo nimeiweka katikati, mahali ambapo chumba na uzito hupishana, na ni siku ya kawaida ya kazi, wiki chache kabla ya kifo. Anapaka grisi kwenye reli. Anasikiliza mota kwa kuweka kiganja ukutani. Muuguzi anapanda akiwa amesinzia wima, na fundi anaishikilia milango kwa mguu hadi azinduke, kisha anamwuliza ghorofa anayokwenda, naye anajibu bila kumtazama. Wahusika watano wanapita mbele yake siku hiyo. Wote anawasalimia. Nimehakikisha hakuna neno katika sura hiyo linalomwonyesha msomaji kitakachotokea, kwa kuwa tayari anakijua na inatosha.

Kuhusu nani aliyempiga, nimebadilisha sababu, siyo mtu. Awali ilikuwa fedha. Sasa ni kwamba fundi aliona jambo katika jengo jingine, ng'ambo ya mto, na akalisema kwa sauti kwa mtu asiyepaswa kulisikia. Alikuwa anapeleka bahasha.

Juni

Wasomaji wa mwanzo wamerudisha maoni. Wawili wameuliza swali moja: kwa nini mwishoni mpelelezi hamkusanyi kila mtu chumbani na kueleza yote? Nimelifikiria kwa dhati, maana ombi hilo ni la haki, na msomaji wa riwaya ya upelelezi anadai deni lake. Jibu langu ni kwamba msomaji atalipwa, wahusika hawatalipwa. Anayesoma atakuwa na vipande vyote kabla ya sura mbili za mwisho. Mwuaji atashtakiwa. Aliyehamisha maiti atashtakiwa kwa alilolifanya, kosa tofauti na dogo kisheria, na mkalimani ndiye atakayepangiwa kutafsiri shauri hilo. Atayatamka maneno ya daktari kuhusu zile saa tatu, sentensi kwa sentensi, kwa lugha mbili, na sheria haina kifungu cha kumwuliza yeye alikuwa wapi. Sura hiyo ya mahakamani nimeanza kuiandika upya, kwa sababu mwanasheria aliyeisoma amenionyesha kwamba shahidi hawezi kuhojiwa kwa mpangilio nilioufuata: upande uliomwita ndio unaoanza, kisha unafuata upande wa pili, ndipo wa kwanza unarudi kusafisha yaliyovurugwa.

Sura za mlinzi bado. Sauti yake inafanana mno na ya mwenye jengo, na watu hao wawili hawawezi kusema namna moja hata kidogo: mmoja anatoa amri, mwingine amezoea kuzipokea na kukumbuka kila moja ilitolewa saa ngapi. Nitazisoma zake zote mfululizo, nje ya mpangilio wa kitabu, na kurekebisha mazungumzo kwanza kabla ya kugusa masimulizi. Baada ya hapo ni ukaguzi wa ratiba kutoka mwanzo: kila sura, saa iliyotajwa, lifti ilikuwa ghorofa ya ngapi, na nani alikuwa ndani.